Ziba, Uchemshe

Msasa alimpiga shemeji yake mdomoni kwa spreigani, jino likatoka.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, karakana haijafunguliwa hata mlango wa pili, na hapakuwa na maneno yoyote kabla yake. Msasa aliitoa spreigani, ile bunduki ya kupulizia vanishi, kwenye msumari wake ukutani, akafungua kikombe, akachungulia, akakuta vanishi imeganda ndani kama jiwe. Akajaribu kubonyeza kifyatuo, hakikwenda. Akageuka. Shemeji yake alikuwa amesimama nyuma yake anafunga aproni, mdomo wazi, anataka kusema jambo. Chuma kikamkuta hapo hapo.

Vanishi ya kawaida ikikauka kwenye kikombe unaweza kuilainisha kwa thina na subira. Hii haikuwa ya kawaida. Ilikuwa ile ya kuchanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, na hadina haina msamaha: ikishaiva ndani ya spreigani, pua, sindano na pete za washa zote zinakuwa kitu kimoja. Unaweza kuitumia kushikiza mlango usipigwe na upepo, basi.

Tena spreigani yenyewe ilikuwa ya marehemu baba. Mzee aliinunua Msasa akiwa bado anatambaa, akaitumia mpaka mpini ukaacha alama kwenye kiganja chake. Alipokufa aliwaachia watoto wake wawili karakana, yaani Msasa na dada yake mdogo, na dada akaolewa na seremala wa hapo hapo karakanani, mtu wa mkono wa kushoto ambaye kila mtu alimwita Shoto. Mgawanyo wa kazi ukajipanga wenyewe. Shoto alitengeneza, Msasa alipuliza. Mlango uliotoka kwa Shoto haukuwa na pengo la kupitisha wembe. Mlango uliotoka kwa Msasa ungeweza kunyolea ndevu mbele yake.

Jina la Msasa lilitokana na tabia yake, halikuhusu kazi. Ulimi wake ulichubua, na ulimi ukishindwa mkono ulimalizia.

Basi siku hiyo jino halikumtosha. Shoto alianguka kwenye maranda, na Msasa akamfuata huko chini na mateke, kisha akauchomoa mpira wa kompresa na kumchapa nao mgongoni, shingoni, masikioni. Kilikuwa kipigo cha mbwa mwizi. Shoto alikuwa mpana wa mabega kuliko yeye, na angeamua kuinuka mambo yangekuwa mengine. Hakuinuka. Aliacha uso upigwe, akaacha mbavu zipigwe. Mkono wa kushoto tu ndio aliouficha kwapani, akaubana kwa mwili mzima kama mtu anayelalia mtoto kwenye moto. Mkono ule ndio uliokuwa ukishika patasi. Nyumba yake ilikula kupitia mkono ule, na kwa kweli hata Msasa alikula kupitia mkono ule, ingawa siku hiyo hakukumbuka.

Alipochoka alimuuliza alikuwa na nini kichwani. Shoto akatema damu, akasema alikuwa amepulizia kitanda cha mwanawe Jumamosi, akaitundika kidogo aangalie kama kimeshika vizuri, akasahau. Hakuwa na sababu nyingine. Alisahau, kama mtu anavyosahau sufuria jikoni.

Sheria ya mzee ilikuwa moja: aliyechafua ndiye anayeosha, na anaosha kabla hajanawa mikono yake mwenyewe. Alikuwa na namna yake ya kuosha, na Msasa na Shoto wote wawili walifundishwa naye kwa kuzabwa makofi ya kisogoni. Unamwaga kilichobaki. Unatia thina kiasi cha kufunika tako la kikombe, unatikisa, unapuliza kwenye tambara mpaka itoke nyeupe. Halafu ndiyo unafika pale pa mzee. Unaziba mdomo wa spreigani kwa kidole, unabonyeza kifyatuo, upepo ukikosa pa kutokea unarudi nyuma kwa kishindo, thina ndani ya kikombe inachemka kama chai, na uchafu uliojificha kwenye pua unatoka mbio. Mzee aliita kitendo hicho kuchemsha. Alikuwa akisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, anasema maneno mawili tu: ziba, uchemshe. Baada ya hapo ndiyo unafungua kofia na sindano, unasugua kwa mswaki, unapaka tone la mafuta, unaning'iniza.

Msasa aliyarithi maneno hayo pamoja na msumari wa ukutani.

Jioni ile dada mtu alikuja karakanani. Mumewe alikuwa amemwambia ubao ulimrukia usoni, naye akamuuliza ni ubao gani huo wenye alama za mpira wa kompresa. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, mahali pale pale alipokuwa akisimama baba yake, akamwangalia kaka yake akisugua benchi.

"Kaka," akasema, "ukimgusa tena mume wangu, mimi na wewe basi."

Msasa akacheka puani. Akamwambia akamuulize kwanza huyo mume alichofanya na kitu cha baba yao. Dada akasema alishaambiwa, na kwamba kitu cha baba ni chuma, na mume wake si chuma. Akaondoka. Msasa ndiye aliyemlea tangu mzee alipofariki, ndiye aliyemvalisha sare za shule na ndiye aliyesimama siku ya mahari, kwa hiyo maneno yale aliyachukulia kama ya mtoto aliyenyimwa kitu. Alijua atarudi kumsalimia Ijumaa kama kawaida, na mwanawe ataingia mbio akiita mjomba, mjomba, akipekua mifuko ya aproni.

Shida ilikuwa kazi. Walikuwa na oda ya nyumba ya wageni, milango ya vyumba vyote na makabati yake, na mwenye nyumba alikuwa mtu wa kupiga simu kila akikohoa. Bila spreigani hapakuwa na kazi. Jumanne Msasa akaenda kwenye duka la vifaa, na badala ya kununua nyingine ya kikombe, akatongozwa na mashine ya pampu.

Ilikuwa kitu cha kuvutia, si uongo. Haina kikombe wala kompresa. Unatumbukiza mpira mmoja kwenye ndoo ya vanishi, pampu inaisukuma vanishi yenyewe, inatoka kwenye ncha ya spreigani yake, kitundu kidogo kama jicho la sisimizi, na mlango mzima unaumaliza kabla hujajikuna. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mwenye kidole kilichokatika, na alieleza taratibu. Alisema hii si kama mliyozoea. Ile ya kikombe inatoa upepo. Hii inatoa shindo, yaani msukumo wa nguvu, na shindo lake linapita kwenye ngozi kama ngozi haipo. Kabla ya kuosha, zima, fungua koki ya kushusha shindo, bonyeza kifyatuo kwenye ndoo mpaka ikate pumzi. Na kidole usikiweke mbele yake kamwe, hata kwa mzaha. Akainua mkono wake kumwonyesha.

Msasa aliitikia ndiyo, ndiyo, huku akihesabu moyoni itabidi aiweke wapi. Aliitikia kama unavyomwitikia jirani ukiwa na haraka.

Shoto hakuwepo dukani. Alikuwa kwa daktari wa meno, anatolewa kipande cha jino kilichobaki. Aliporudi kazini Jumatano uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja na hakusema lolote, na Msasa naye hakuwa anasema naye. Alikuwa anamwagiza. Lete. Shika. Inua. Habari za mtu mwenye kidole kilichokatika hazikuingia kwenye maagizo hayo.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Msasa alikuwa na ubaya wake wote, lakini ukimwona anapuliza ungemsamehe kidogo. Aliishika spreigani mbali na mlango kiasi cha shubiri na nusu, akaupeleka mkono mzima, si kiganja, akaanza kubonyeza kabla hajafika kwenye ubao na kuachia akiwa ameshaupita, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia. Wanaozungusha kiganja kama wanamwagilia mchicha ndio wanaotoa milango yenye michirizi katikati na vumbi pembeni. Yake ilitoka bila mchirizi hata mmoja. Milango ilining'inia kwenye kulabu kama nguo kwa dobi, inang'aa, na karakana nzima ilinuka thina mpaka macho yakawa yanatoa machozi bila msiba.

Adhabu ya Shoto ilikuwa kuosha. Msasa alisema kuanzia sasa kila siku ataosha yeye, awe ametumia au hajatumia, na ataosha mbele ya macho yake. Jumatano aliosha. Msasa alikuwa kwenye simu na mwenye nyumba ya wageni, akaosha peke yake, akapitisha thina kwenye pampu mpaka ikatoka safi, hakuziba wala hakuchemsha, mambo yakaisha salama. Msasa aliporudi akaikagua, akakuta utando mwembamba wa vanishi kwenye ncha. Akaukwangua kwa ukucha, akamwonyesha, akampiga kofi la kisogo kama la mzee. Hakumpiga sana. Ilitosha.

Alhamisi alasiri ncha ikaziba. Msasa alikuwa kwenye mlango wa mwisho wa siku, na badala ya ukungu laini spreigani ikaanza kutema mate. Matone yakatua kwenye mlango, mlango ukaota vipele kama ganda la chungwa. Damu ikampanda kichwani. Akamtupia Shoto spreigani kifuani, akamwambia haya ndiyo matokeo ya kuosha kwa kivivu. Pampu ilikuwa bado imewashwa, inanguruma pembeni kama mbwa aliyefungwa.

Shoto akauchomoa mpira kwenye ndoo ya vanishi, akautia kwenye ndoo ya thina. Msasa alikuwa amesimama juu yake na kipande cha ule mpira wa kompresa mkononi, amekiviringisha kwenye ngumi.

"Ziba, uchemshe," akasema.

Shoto akaiangalia spreigani. Haikuwa na kikombe. Hapakuwa na chochote cha kuchemka. Mtu anayejua mbao anajua pia chombo kigeni, na unaweza kuona kwamba mkono wake ulikataa kabla ya mdomo.

"Hii nayo inachemshwa, shemeji?"

"Jino moja halikukutosha?"

Mzee alimfundisha Shoto kushika spreigani kwa kulia kama watu wote, kwa sababu alisema karakana haiwezi kuwa na watu wawili wanaopuliza pande mbili. Kwa hiyo mkono uliobaki wa kuziba ulikuwa wa kushoto. Aliona mpira ukiinuka. Akaweka kidole cha shahada kwenye ncha, akabonyeza.

Haikutoa kishindo. Ilisema tsi, kama mtu anayemwita paka. Shoto akaiachia spreigani ikaanguka, akashika mkono wake, akakunjamana taratibu mpaka magoti yakagusa sakafu. Hakulia. Alifungua kinywa, na pale palipokuwa na jino pakaonekana.

Msasa akauvuta ule mkono akautazama. Kulikuwa na kitundu kwenye ncha ya kidole, kidogo kuliko cha sindano ya cherehani. Hakikutoa damu. Kilikuwa na tone moja la majimaji ya rangi ya asali, basi.

Na hapo hapo akamkumbuka muuzaji. Alimkumbuka vizuri kabisa, sauti yake na mkono wake ulioinuliwa, shindo linapita kwenye ngozi kama ngozi haipo. Alilikumbuka na neno kamwe. Alikuwa na nafasi ya kusema: twende hospitali, sasa hivi. Pikipiki zilikuwa zinapita nje. Lakini kusema hivyo kulitaka aseme pia kwamba aliambiwa, na kwamba ameagiza kitu asichokijua, na aseme hayo mbele ya mtu aliyemng'oa jino kwa kosa la kusahau. Akauachia ule mkono.

"Hicho tu?" akasema. "Kachovye kwenye maji baridi. Na umalize kuosha."

Shoto akazima pampu, akamaliza kuosha kwa mkono mmoja. Kisha Msasa akampa mlango wenye vipele aupige msasa mpaka ubao uonekane. Aliupiga kwa mkono wa kulia, taratibu, jasho likimdondoka kwenye kidevu ingawa hakukuwa na joto. Wakati wa kufunga alisema kidole kimekufa ganzi. Msasa akamwambia ganzi ni nafuu, angalau hakiumi.

Usiku huo kiliuma. Mkewe alitaka waende hospitali mara mbili, na mara mbili Shoto akamwambia kaka yako amekiona, amesema si kitu. Asubuhi kidole kilikuwa cheupe na baridi kama mshumaa, kiganja kimevimba mpaka mistari yote imepotea, na maumivu yalikuwa yameshapanda kwenye kiwiko. Mkewe akamvalisha shati lililochanwa mkono, wakaenda.

Daktari mpasuaji aliuliza kimeingia nini. Hawakujua kusema zaidi ya thina na vanishi, basi dada akampigia kaka yake simu alete kopo. Msasa akafika na makopo mawili, yeye mwenyewe akinuka kama makopo. Daktari akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akauliza ilikuwa lini. Jana alasiri, dada akajibu. Daktari akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

Akawaeleza bila kuzunguka. Alisema kitundu ni kidogo lakini kilichoingia si kidogo. Kimekimbia kwenye ala ya mshipa wa kidole mpaka kiganjani, na kila kilipopita kimeua.

"Ningempata jana jioni," akasema, "ningekichana, nikakisafisha, nikamrudishia mkono wake. Sasa natafuta pa kuishia."

Dada akauliza kama kulikuwa na mtu ambaye angeweza kulijua hilo jana. Daktari, ambaye hakujua alichokuwa anakifungua, akasema wauzaji wa zile mashine humwambia kila anayenunua. Amewahi kuwapokea watu kadhaa waliowahi kwa sababu hiyo. Dada akamgeukia kaka yake. Msasa alikuwa anasoma kopo.

Alingoja mumewe aingizwe chumba cha upasuaji, akangoja atoke, akaona bendeji ilipoishia na ilipopaswa kuishia. Kisha akaenda karakanani.

Ilikuwa mchana kweupe na Msasa alikuwa amerudi kazini, kwa sababu mwenye nyumba ya wageni alikuwa amepiga simu. Milango ilikuwa kwenye kulabu. Dada alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la mumewe, akachukua nyundo yake kubwa ya kung'olea misumari, akauendea mlango wa kwanza na kuupiga katikati. Ubao ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Akaupiga wa pili. Alipiga bila kelele, anavuta pumzi, anapiga, anahama. Vipande vya vanishi vilikuwa vinaruka kama vioo, kimoja kikamchana shavu, hakujifuta.

Msasa alisimama tu mpaka wa tano. Kwenye wa sita akamshika mkono. Akamwambia yeye ndiye aliyemlea, akamwambia ana wazimu, akampiga kibao upande ule ule wa shavu lililochanika. Dada akaubadilisha mkono wa nyundo. Pigo la kwanza lilimpata Msasa begani, la pili likashuka kwenye mtulinga, ukavunjika kwa mlio wa tawi kavu, naye akaanguka kwenye maranda yale yale. Dada akaja juu yake, nyundo imeinuliwa. Msasa hakuficha mkono wowote. Alimwangalia tu, na pengine aliona sura ya mzee, pengine hakuona kitu.

"Ulijua," dada akasema.

"Nilisahau."

"Yeye ndiye aliyesahau. Wewe ulinyamaza."

Nyundo ikashuka sakafuni karibu na sikio lake, ikachimba simenti. Akainuka, akaupiga mlango wa sita, akaupiga na wa saba, kisha akakusanya patasi za mumewe moja moja, akazifunga kwenye aproni, akatoka nazo.

Hasara ni hii. Jino la mbele, moja. Kidole cha shahada chote na cha kati chote, pamoja na nyama ya kiganja chini yake, mkono wa kushoto. Milango saba. Mtulinga wa kulia, ulioungana vibaya, hata Msasa hawezi kuinua mkono kupita bega, na asiyeinua mkono hapulizi mlango. Spreigani mbili: moja imejaa jiwe, nyingine inaning'inia kwenye msumari wa mzee, safi, haina wa kuishika. Patasi kumi na moja zimefungwa kwenye aproni chini ya kitanda cha mtoto, kile kitanda. Dada mmoja. Na mpwa mmoja, ambaye siku hizi akimwona Msasa barabarani haiti mjomba. Anahamia upande wa pili wa baba yake na kuushika mkono wa kulia.